Mwongozo kamili: namna ya kutafuta na kusoma barua za zamani za Marekani kwenye simu yako (na kuzijua za feki)

Kuna siku nilialikwa mahafali ya darasa la saba, nikapewa karatasi nisome mbele ya wazazi. "Barua ya Abraham Lincoln kwa mwalimu wa mtoto wake." Bila shaka unaijua, ile ya mfundishe mwanangu kwamba dola moja ya jasho ina thamani kuliko tano za kuokota. Nikaisoma kwa hisia zote, sauti nikaishusha pale pa kushusha, mama mmoja mbele akatoa kanga akafuta machozi. Niliporudi home nikasema ngoja niione yenyewe, mwandiko wa Lincoln wenyewe. Nikatafuta siku tatu. Haipo! Haina tarehe, mwalimu hana jina, hakuna maktaba hata moja inayosema karatasi iko kwetu, na kwenye mkusanyo mkubwa wa maandishi yake uliochapishwa miaka ya 1950, majuzuu manane bila kuhesabu faharasa, haimo kabisa. Nililiza watu na barua ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Ila katika kuhangaika huko nikakuta kumbe barua za kweli za huyohuyo Lincoln zimejaa mtandaoni, bure, hudaiwi hata akaunti, na ni tamu kuliko hiyo ya kutunga. Tangu siku hiyo nimekuwa mgonjwa wa hizi vitu. Naandika hapa njia nzima niliyoipitia, ili we usipoteze siku tatu zangu.

Anza na mtu mmoja, usianze na "historia ya Marekani"

Ukiingia na swali kubwa utazama. Chagua mtu au tukio moja tu, mfano Lincoln na utumwa, au Abigail Adams na mumewe, au watumwa walioachiwa huru wakawa wanatafuta ndugu zao. Halafu ujue barua zimegawanyika makundi mawili, za kiofisi (rais, wizara, jeshi, balozi) na za nyumbani, kwa sababu hazikai sehemu moja. Za kiofisi nyingi ziko hifadhi ya taifa, za nyumbani ziko maktaba, vyuo na vyama vya historia vya majimbo.

Ila huo mpaka unavuja. Tarehe 6 Novemba 1940 mwanafunzi mmoja wa Santiago de Cuba alimwandikia Rais Franklin Roosevelt kwa Kiingereza cha kuokoteza, anamwita rafiki yangu mwema, anamwambia amefurahi kusikia redioni kwamba ataendelea kuwa rais, anasema ana miaka kumi na mbili, afu anaomba atumiwe noti ya kijani ya dola kumi ndani ya bahasha maana hajawahi kuiona. Kwenye nyongeza akatupia na ofa, kwamba rais akitaka chuma cha kutengenezea meli atamwonyesha migodi mikubwa iliyoko Mayarí. Sahihi chini: Fidel Castro. Huyo kazaliwa Agosti 1926, hiyo kumi na mbili piga hesabu mwenyewe. Barua ya mtoto anayeomba hela, lakini leo iko kwenye mafaili ya ubalozi, ndani ya nyaraka za wizara ya mambo ya nje, kama waraka wowote wa serikali. Kwa hiyo ukikosa upande mmoja jaribu wa pili.

Milango ya kuingilia

Kama bando lako ni la mawazo anza na founders.archives.gov. Ni maandishi matupu, picha karibu hakuna, inafunguka hata kwa mtandao wa kusuasua. Imefunguliwa 2013, ina nyaraka zaidi ya 180,000 za waasisi wa taifa lao, yaani Washington, Franklin, John Adams, Jefferson, Hamilton, Madison na Jay, na chini ya barua nyingi kuna maelezo ya wahariri kwamba huyu aliyetajwa ni nani na lile jambo lilikuwa nini. Usiyaruke yale maelezo, nusu ya utamu iko pale.

Kwa picha za karatasi zenyewe nenda loc.gov, hiyo ni Library of Congress. Kule utakuta karatasi za Lincoln, Washington, Jefferson, Frederick Douglass, mpaka Rosa Parks. Kwenye kutafuta hakikisha umebana kwenye vilivyopo mtandaoni tu, la sivyo utaletewa orodha ya maboksi ambayo mpaka upande ndege. Hifadhi ya taifa yao iko catalog.archives.gov, hiyo ndo ya kiofisi, ndo yenye barua ya Castro na ile ya mwanamuziki Elvis Presley aliyomwandikia Rais Nixon Desemba 1970 kwenye karatasi za shirika la ndege, anataka apewe kitambulisho cha kupambana na madawa ya kulevya (jamani). Ile tovuti kiukweli haina adabu, inatafuta vibaya, uwe mvumilivu.

Nyingine za haraka haraka: masshist.org ni chama cha historia cha Massachusetts, wana barua za John na Abigail Adams, zaidi ya 1,100 za mume na mke, unaona picha na maandishi ya kuchapa pamoja. history.state.gov ina nyaraka za kidiplomasia zinazochapishwa tangu 1861, ukiandika Tanganyika au Kenya pale utakaa mpaka usiku. Chuo Kikuu cha Maryland kina mradi wa barua za watumwa walioachiwa huru na wanajeshi weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, baadhi wamezianika wazi. Na Villanova wana mkusanyo wa matangazo ya magazeti ya watu waliokuwa wanatafuta mama, mume, watoto waliouzwa mbali. Huo usiufungue ukiwa kwenye daladala, nakwambia ukweli.

Kutafuta ni kubahatisha majina

Kosa la kwanza la watu wote ni kuandika neno la leo. Karatasi ya 1840 haijui maneno ya leo. Mfano mzuri uko kwetu hapahapa. Marekani walisaini mkataba wa biashara na Sayyid Said 1833, na mwaka 1837 akafika Unguja konseli wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts. Ndo enzi za pembe za ndovu na sandarusi kwenda, na kitambaa cheupe cha pamba kuja, kile tunachokiita merikani mpaka leo, umewahi kujiuliza jina limetoka wapi? Sasa ukitafuta barua za wakati huo kwa neno "Zanzibar" peke yake utapata kidogo, kwa sababu Wamarekani walikuwa wanamwandika Sayyid Said kama Sultani wa Muscat, au "Imaum of Muscat", kwa tahajia hiyohiyo. Andika Muscat, mambo yanafunguka. Mwaka 1840 meli yake Sultana ilifika mpaka New York, nahodha wa msafara akiwa Ahmad bin Na'aman, na zawadi za rais wakiwemo farasi na lulu, barua za kushukuru na kubishana kwamba zawadi ni za nani zipo.

Kwa hiyo jaribu tahajia tatu nne za jina moja, jaribu jina la mji badala ya mtu, weka mwaka kabla hujaweka neno. Na ukipata barua moja nzuri angalia iko kwenye mkusanyo gani, halafu ingia kwenye huo mkusanyo wote uanze kupekua. Mi nimepata vingi kwa kupekua kuliko kwa kutafuta.

Mwandiko: hapa wengi wanakimbia

Ukifungua picha utaona kama kuku kapita na wino. Usikate tamaa. Fanya hivi: fungua picha upande mmoja na maandishi ya kuchapa upande wa pili kama yapo, soma mstari wa kwanza kwenye maandishi, halafu uutafute kwenye picha neno kwa neno. Ukifanya mistari kumi ya mtu mmoja jicho linamzoea, kila mtu ana k yake na r yake. Barua ya pili ya mtu huyohuyo unaisoma nusu bila msaada.

Vitu vya kujua mapema. Barua za karne ya 18 zina s ndefu inayofanana na f, kwa hiyo ukiona "Congrefs" usicheke, ni s. Neno linaloonekana "ye" mbele ya jina ni "the" tu, ile y ni herufi ya zamani iliyogeuka. Vifupisho vyao: "recd" ni imepokelewa, "yr" ni yako, "Wm" ni William, "Jno" ni John, "Chas" ni Charles, na herufi za mwisho mara nyingi wanazipandisha juu kidogo. "Inst." ni ya mwezi huu, "ult." ni ya mwezi uliopita, kwa hiyo "yours of the 4th ult." ni barua yako ya tarehe 4 mwezi uliopita. Mi nilidhani ni jina la mtu, Bwana Ult, nikamtafuta.

Ukikuta ukurasa una maandishi yamekatizana, mistari inalala na mingine imesimama juu yake kama jamvi, siyo kichaa. Kabla ya 1845 posta ya Marekani ilikuwa inatoza kwa idadi ya karatasi na umbali, na bahasha ingehesabika karatasi ya ziada, kwa hiyo mtu alijaza ukurasa, akaugeuza, akaandika tena juu yake, akaukunja wenyewe na anwani akaiandika nje. Zungusha simu, soma mistari ya mwelekeo mmoja kwanza, usiiangalie ile mingine. Macho yatauma ila inawezekana.

Zipo programu za kusoma mwandiko zenyewe, Transkribus inajulikana, na hizi za akili mnemba sasa hivi zinasoma vizuri tu. Shida yake zikikosa neno hazikwambii zimekosa, zinaweka neno lingine lenye akili. Zitumie kupata picha ya jumla ila jina, tarehe na hela uhakiki kwa macho yako.

Salamu zao ni kama zetu, usizichukulie neno kwa neno

Sisi tuliosoma bweni enzi za barua tunakumbuka: "Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Ulikuwa na mashaka kweli? Ulikuwa unaomba hela ya sabuni. Wao nao wana zao. "Mtumishi wako mtiifu na mnyenyekevu" pale mwisho haina maana yeyote ni mtumishi wa yeyote. Ukitaka ushahidi soma barua za Aaron Burr, makamu wa rais wa wakati huo, na Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa zamani, za Juni 1804 kule founders.archives.gov. Burr anataka maelezo kuhusu maneno aliyosemwa, Hamilton anajibu kwa sentensi ndefu zenye kona, kila mmoja anafunga kwa heshima zote, mtumishi wako mtiifu, mtumishi wako mtiifu, na tarehe 11 Julai wakakutana Weehawken, New Jersey, na bastola. Hamilton akafa kesho yake. Kwa hiyo ruka salamu, angalia kinachobadilika kati ya barua na barua: jana alimwita "rafiki yangu mpendwa" leo "Bwana" kavu. Hapo pana jambo.

Tarehe nayo. Wamarekani wanatanguliza mwezi, kwa hiyo 8/7/1865 ni Agosti 7, siyo Julai 8. Na kabla ya 1752 makoloni ya Uingereza yalitumia kalenda ya zamani ambayo mwaka ulianza Machi 25, ndo maana unakuta 1731/32 imeandikwa kwa mkwaju. Washington mwenyewe alizaliwa Februari 11 kwa kalenda ile, ikageuka Februari 22.

Soma yote, siyo ule mstari uliofowadiwa

Abigail Adams, Machi 31, 1776, anamwandikia mumewe aliyeko Philadelphia kwenye vikao vya uhuru. Kila mtu anajua pale anapomwambia muwakumbuke wanawake kwenye sheria mpya, msiwape waume madaraka yasiyo na mipaka. Sawa. Ila fungua barua nzima uone inavyoanza. Inaanza na lawama! Natamani siku moja ungeniandikia barua hata nusu ya urefu wa ninazokuandikia mimi. Mke yeyote wa mtu aliye safarini anaijua hiyo sauti. Kisha anaeleza nyumba yao ya Boston ambayo Waingereza wametoka juzi, kumbe alikaa daktari wa kikosi, kaiacha chafu ila haijaharibika, anaogopa ndui. Ile ya wanawake inakuja mbele, katikati ya mambo ya nyumba. Na jibu la John la Aprili 14 lipo palepale: kuhusu hizo sheria zako, siwezi kujizuia kucheka. Ukisoma ule mstari peke yake unaona bango. Ukisoma yote unaona mama mwenye watoto na nyumba chafu anayejua anachokisema, na mume anayemchukulia poa.

Na usisome barua moja

Hii ndo hatua ninayoipenda na ndo inayobadilisha kila kitu. Agosti 19, 1791 Benjamin Banneker, mtu mweusi huru wa Maryland, mtaalamu wa hesabu na nyota, alimwandikia Thomas Jefferson aliyekuwa waziri wa mambo ya nje. Akamtumia almanaka aliyoipiga hesabu mwenyewe, na akamrudishia Jefferson maneno yake mwenyewe ya 1776, kwamba watu wote wameumbwa sawa, akamuuliza sasa inakuwaje unawashikilia ndugu zangu utumwani. Kwa adabu ya hali ya juu, lakini kamshika pabaya. Jefferson alijibu Agosti 30, fupi, nzuri, anamshukuru, anasema hakuna anayetamani kuliko yeye kuona ushahidi kwamba weusi wamepewa vipaji sawa na wengine, na almanaka ameituma Paris kwenye chuo cha sayansi.

Ukiishia hapo unamsifia Jefferson. Sasa tafuta jina Banneker tena, usogee mpaka Oktoba 8, 1809. Banneker kashakufa miaka mitatu nyuma. Jefferson anamwandikia rafiki yake Joel Barlow, na anasema anayo barua ndefu ya Banneker, inaonyesha alikuwa na akili ya kawaida sana. Barua ileile! Nilisoma hiyo saa sita usiku nikaweka simu chini.

Halafu swali la kujiuliza kila mara: kwa nini tunazo zote tatu? Kwa sababu Jefferson alikuwa mtunza nakala wa kutisha. Tangu 1804 alikuwa na mashine yenye kalamu mbili zilizounganishwa, ukiandika na moja ya pili inaandika vilevile kwenye karatasi ya pembeni. Alijihifadhi mwenyewe. Banneker karatasi zake nyingi ziliungua nyumba yake iliposhika moto, siku ya mazishi yake. Kwa hiyo ukiona mtu ana barua elfu kumi na tisa na mwingine ana tano usidhani huyu wa tano hakuwa na la kusema.

Lincoln pia usimsome mojamoja. Barua yake kwa mhariri wa gazeti Horace Greeley ya Agosti 22, 1862, ile anayosema angeweza kuuokoa muungano bila kumwachia mtumwa hata mmoja angefanya hivyo, watu wanaitumia kumchafua. Sawa, kaandika kweli. Ila Julai 22, mwezi mzima kabla, alishawasomea mawaziri wake rasimu ya tangazo la kuwaachia huru watumwa, ikabaki kwenye droo inasubiri ushindi vitani. Barua ni ya kweli, na bado siyo habari yote.

Uliza nani kashika kalamu

Agosti 7, 1865, vita vimeisha, Jourdon Anderson yuko Dayton, Ohio, na bwana wake wa zamani wa Tennessee, Kanali P. H. Anderson, amemwandikia arudi kufanya kazi. Jibu lake ndo barua bora kuliko zote nilizowahi kusoma, nakuapia. Kwanza anamwambia amefurahi kusikia hajanyongwa bado. Anamweleza yuko vizuri, analipwa dola 25 kwa mwezi na chakula na nguo, mkewe Mandy watu wanamwita Bibi Anderson, watoto wanasoma. Sasa kama bwana anataka warudi, ili waamini nia yake, atume kwanza mishahara ya nyuma. Anasema: mi nimekutumikia miaka 32, Mandy miaka 20. Dola 25 kwa mwezi kwangu, dola 2 kwa wiki kwa Mandy, jumla dola 11,680. Nilichukua kalkuleta: 32 mara 12 mara 25 ni 9,600, na 20 mara 52 mara 2 ni 2,080. Inatoka sawasawa. Aongeze na riba, atoe gharama za nguo, daktari mara tatu, na jino moja alilong'olewa Mandy.

Hapa sasa ndo uweke akili ya mkaguzi. Karatasi ya mwandiko wake haipo mikononi mwetu, tunachosoma ni kilichochapwa magazetini mwezi huohuo wa Agosti, na walivyoichapa walisema wazi kwamba alisema yeye mwingine akaandika. Je, utani ule mkali ni wa nani? Walioifuatilia wamemkuta Jourdon na familia yake kwenye sensa ya Dayton, wapo, ni watu wa kweli. Kutokujua kuandika si kutokujua kusema, bibi yangu alikuwa anatuandikisha sisi wajukuu barua za mjomba, na ole wako uruke neno. Kwa hiyo unapohifadhi barua kama hii andika: imesemwa na fulani, imeandikwa na mwingine, imechapwa gazeti fulani, tarehe fulani. Basi, mtu akikuuliza una jibu.

Kukagua feki

Kabla hujafowadi barua yoyote ya mtu maarufu pitisha maswali manne. Ina tarehe kamili? Imeenda kwa nani, jina? Karatasi iko wapi leo, maktaba gani? Ilionekana mara ya kwanza lini na wapi? Ile ya Lincoln kwa mwalimu inafeli yote manne. Kuna za katikati, mfano barua ya Lincoln kwa mjane Bixby, Novemba 21, 1864, ya kumpa pole kwa wana watano waliokufa vitani. Ilichapwa Boston siku chache baadaye, hiyo ni hakika. Ila karatasi yenyewe imepotea, zile za mwandiko zinazouzwa na kuning'inizwa ukutani ni za kuchapwa baadaye, waliokufa hawakuwa watano kama wizara ilivyoambiwa, na wapo wanaosema aliyeandika ni katibu wake John Hay. Hiyo siyo feki, ni barua yenye maswali, iweke folda tofauti.

Kuhifadhi

Usipige skrinshoti ukaacha. Daunlodi picha ya JPEG, zile TIFF zitamaliza bando lako lote. Faili lipe jina linaloanza na mwaka, mfano 1791-08-19 Banneker kwa Jefferson, zitajipanga zenyewe. Nakili linki, jina la mkusanyo, na namba ya boksi au folda kama ipo. Kama unataka kuchapisha, waraka uliotengenezwa na serikali kuu ya Marekani hauna hakimiliki, barua binafsi isiyowahi kuchapishwa kwa kawaida inalindwa mpaka miaka 70 baada ya mwandishi kufa, hivyo hizi za zamani uko huru. Na ukikwama kabisa Library of Congress wana huduma ya kumuuliza mkutubi, wanajibu kwa imeili bila malipo.

Ukishazoea miandiko ingia crowd.loc.gov, tangu 2018 watu wa dunia nzima wanajitolea kuchapa barua zilizoskaniwa, kati ya za mwanzo zilikuwa barua alizoandikiwa Lincoln. Unapewa ukurasa, unachapa unachokiona, mwingine anakuhakiki. Hakuna malipo, ila hakuna shule ya mwandiko inayoizidi.

Kutafsiri kwa Kiswahili

Mwisho, ukitaka wengine wasome. Weka tarehe na mahali kama ilivyo, salamu zao tafuta salamu yetu ya uzito uleule, hela usizigeuze kuwa shilingi za leo, na makosa ya mwandishi yaache yasikike kidogo, Castro akiandika Kiingereza kibovu usimpe Kiswahili cha kitabuni. Ugumu uko kwenye utani. Jourdon Anderson anafunga kwa mstari mmoja wa nyongeza, baada ya mishahara na riba na jino, na mi nimeutafsiri mara kumi na moja bado sijaridhika. Mwanzo niliweka "mpe salamu", ikawa nzito. Nikaweka "mwambie mambo", ikawa ya kijiweni mno. Kwa sasa iko hivi: "Nisalimie George Carter, na mwambie nashukuru kwa kukunyang'anya bastola siku ile ulipokuwa unanipiga risasi."